Maji ya moto Newala: kipi ununue, kipi uache

Kusi likivuma mwezi Juni, Newala hakuogeki alfajiri kwa maji ya tangi. Wenzetu wa Mtwara mjini wanatucheka, wao wana feni. Ila hata huko kuna mzazi aliyetoka kujifungua, kuna bibi, na kuna mgeni wa gesti anayeuliza maji ya moto kabla ya bei. Mwaka huu shemeji kanipigia kutoka Dar: ana mashine ya kuchimba bitcoin, yaani kompyuta inayopiga hesabu mfululizo ili ilipwe sarafu hiyo ya mtandaoni; itapasha nyumba na pesa iingie. Basi nimezipanga njia zote nne, kuanzia iliyo bora.

Namba moja kwangu ni koili ya kuchovya kwenye ndoo. Lita 20, kutoka nyuzi 25 hadi 45, zinakula karibu nusu yuniti. Hiyo haifiki shilingi 200. Chagua nzito, yenye waya mnene na plagi isiyocheza kwenye soketi. Chomoa kwanza ukutani, ndipo uonje maji kwa kidole. Nyumba yenye watoto watundu, ruka hii.

Sola ya maji juu ya bati naiweka ya pili, na kwa mwenye gesti ni ya kwanza. Kununua kunauma, lakini jua halina LUKU. Cha kuangalia ni maji yenyewe: ya kisima chenye chumvi yanaacha magamba ndani ya mirija. Muulize fundi ataifunguaje kusafisha, na akuoneshe kabla hujatoa hela.

Shawa ya umeme ni ya tatu. Inavuta hadi kilowati 5.5, inataka waya wake peke yake na maji yenye presha. Kwa mgao wetu wa maji huku juu Umakondeni, wengi wanayo kama pambo la bafuni.

Sasa mashine ya shemeji, Antminer S9, toleo la 2016. Kwenye joto hadanganyi: karibu umeme wote unaoingia unatoka kama joto, sawasawa na koili. Tatizo ni kwamba koili nazima baada ya dakika 20, hii haizimwi. Inavuta kilowati 1.3, kwa siku yuniti 31, karibu shilingi 11,000. Mwenye bei nafuu ya yuniti 75 kwa mwezi anazimaliza siku ya tatu. Na tangu Aprili 2024 malipo ya wachimbaji yalikatwa nusu, bitcoin 3.125 kwa kila bloku, yaani fungu la miamala ambalo wachimbaji wa dunia nzima wanaligombania, wakati mashine mpya zimeiacha hii mbali. Inachoingiza hakifiki robo ya umeme inaokula.

Halafu inatoa upepo wa moto, haitoi maji. Ufini wanaweza kuingiza joto la uchimbaji kwenye mabomba yanayopasha nyumba za mji, kwa sababu mabomba walikuwa nayo tayari. Mimi niliiwasha usiku mmoja chumbani. Ilipiga kelele hivi kwamba jirani alibisha hodi kuuliza tangu lini nasaga unga.

Kazi moja tu naiona inaifaa: kukausha punje za korosho kabla ya kumenya ngozi, maana pale unahitaji hewa kavu ya moto kwa saa nyingi. Nimemwambia shemeji ailete msimu ukifika, na LUKU anunue yeye.