Makumbusho ya Carnavalet, Paris: anzia uani

Makumbusho ya Carnavalet yako katika eneo la Marais, hatua chache kutoka kituo cha metro cha Saint-Paul, na maonyesho yake ya kudumu hayana kiingilio, ila Jumatatu hufungwa. Niliingia na kupanda moja kwa moja hadi ghorofa ya pili, kwenye vyumba vya Mapinduzi ya 1789, na baadaye nikajuta kutoanzia uani, kwa kuwa jengo lenyewe ndilo somo la kwanza.

Upande wa jengo wenye vyumba hivyo ulijengwa mwishoni mwa karne ya 17 kwa ajili ya Michel Le Peletier de Souzy, ofisa mkubwa wa fedha wa mfalme. Ukoo wake ulipanda kwa kalamu ya mahakama na hazina, si kwa upanga. Wafalme wa Ufaransa, walipoishiwa fedha, waliviuza vyeo vya namna hiyo, na tangu 1604 mwenye cheo aliweza kukirithisha mradi alipe ada ya kila mwaka. Mfalme alijaza hazina, kumbe alikuwa anabomoa ukuta uliomtenga kabaila na mfanyabiashara mwenye fedha, kwani cheo kinachonunulika hakimtishi tena mtu. Mzao mmoja wa ukoo huo, naye kabaila, alipiga kura mfalme Louis XVI auawe, akauawa yeye mwenyewe tarehe 20 Januari 1793, siku moja kabla ya mfalme.

Ghorofani, watu husongamana kwenye mfano mdogo wa gereza la Bastille, uliochongwa kwa jiwe la gereza hilohilo. Mkandarasi aliyelibomoa, Palloy, alipeleka mifano kama huo katika mikoa yote 83. Alijua kuuza jina lake. Lakini gereza lilipotekwa na watu wa Paris mwaka 1789 lilikuwa na wafungwa 7 tu. Kwa maoni yangu, kilichosawazisha watu zaidi ya gereza na hata zaidi ya gilotini, mashine ya kukata vichwa, ni sheria ya mirathi: mwaka 1790 haki ya kifunguamimba katika mali za makabaila ilifutwa, na tangu hapo kila msiba uliigawa ardhi vipande.

Nilikaa muda mrefu mbele ya mchoro wa Tamko la Haki za Binadamu la 1789, wenye vibao viwili kama vya Musa na maandishi ya rangi ya dhahabu. Kifungu cha kwanza kinasema watu huzaliwa huru na sawa katika haki. Msomaji wa pwani yetu atakumbuka kwamba miaka 13 kabla ya maneno hayo, Mfaransa Morice aliwekeana mkataba na sultani wa Kilwa auziwe watumwa 1,000 kila mwaka. Paris ilipofuta utumwa mwaka 1794, walowezi wa kisiwa cha Morisi, wakati huo koloni la Ufaransa, walikopelekwa wengi wa watu hao, waliikataa amri hiyo, na mwaka 1796 wakawafukuza kisiwani wajumbe waliotumwa kuitekeleza.