Keyman, programu ya kibodi, kwa ĩ na ũ za Gĩkũyũ: imeniokoa, ila chunga usije ukaandika "taũ"

Niko na kasaiba kadogo hapa Karatina, kuchapa, kuprinti, kujazia watu ritani, na kazi inayoleta pesa zaidi ukweli usemwe ni vijitabu vya mazishi. Na kijitabu cha mazishi huku kwetu ni majina, majina, majina, ukurasa mzima wa wajukuu, na kila jina la pili liko na ĩ ama ũ. Ukiandika Muthoni bila kale kawimbi wengi watanyamaza, lakini kuna wazee hawanyamazi.

Zamani nilikuwa nakopi na kupesti. Niko na faili imeandikwa ĩ ũ Ĩ Ũ basi, nachukua moja moja kama mtu anachambua mchele. Kwa Word kuna ile ya kuandika 0129 halafu Alt na X inageuka ĩ, na 0169 inageuka ũ, ni poa, lakini jaribu hiyo na majina mia mbili saa tano usiku watu wanazika kesho.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuweka leyauti ya kibodi inaitwa US International, nilisikia ndio ya herufi za ajabu na sikuuliza zaidi. Kumbe hiyo kawimbi inakaweka juu ya n, a na o, mambo ya Wahispania na Wareno, ĩ na ũ haina kabisa. Halafu kale kaalama ka ng' ukibonyeza hakatokei, kanangoja vokali ikuje ndio kaikalie kichwani. Mimi sina habari, nikachapa kijitabu cha Kiswahili cha mzee aliyekuwa mfugaji, nakala 150, na kila mahali ng'ombe wamekuwa ngómbe. Mama mwenye kazi akashika kopi moja, akaisogeza mbali na macho, akaniuliza, "Kijana wangu, hii ni ng'ombe ya wapi?" Nilirudia zote na karatasi ni yangu. (Dawa ni kubonyeza spesi baada ya alama. Nani anakumbuka kufanya hiyo mara arobaini kwa ukurasa?)

Nikajitengenezea leyauti ya AltGr, ile Alt ya kulia, yaani AltGr na i itoe ĩ. Kwa Notepad ilikuwa tamu. Lakini Windows inachukulia AltGr kama umebonyeza Ctrl na Alt pamoja, na programu kibao zishafanya hizo kuwa shotikati zao, sasa ile ninapangia kurasa, sitaitaja, nikitaka ũ inanifungulia dirisha sijui la nini, nafunga, najaribu tena, linafunguka tena.

Ndio nikafika kwa Keyman. Ni ya bure, iko chini ya SIL siku hizi, lile shirika la mambo ya lugha, imekuwepo tangu 1993 na mimi naijua juzi, aibu yangu. Kuna leyauti nyingi zimeshatengenezwa lakini kilichonivuta ni Keyman Developer, unaandika sheria zako mwenyewe na si lazima ujue kuprogramu. Jaribio langu la kwanza lilikuwa hivi:

'~' + 'i' > 'ĩ'

Maana yake ukiwa umeandika ~ halafu ukabonyeza i, kile kiwimbi kifutwe na mahali pake paandikwe ĩ. Na ng' hakuna mtu anaigusa, ng'ombe wangu wakarudi zizini. Sasa shida ni huko kufuta. Programu inafaa ikubali herufi ya nyuma yake iondolewe, na kuna moja ya risiti ninayotumia, ya zamani sana, haikubali, inaacha zote mbili, unapata ~ĩ kwa risiti ya mteja.

Nikakaa nikafikiria. Kuandika i mara mbili ndio itoe ĩ haiwezekani, riitho ni neno na liko na ii zake halali. Lakini Gĩkũyũ hakina q wala x! Hizo vitufe zimekaa tu bure. Basi:

+ 'q' > 'ĩ'
+ 'x' > 'ũ'

na zingine mbili za herufi kubwa. Kitufe kimoja, herufi moja, hakuna kufuta, na hata ile ya risiti ikatulia. Ctrl na X bado inakata kama kawaida, hiyo ndio nilikuwa naogopa. Nikajaribu kuongeza ujanja ati ukibonyeza q mara mbili upate q yenyewe, nikaifuta siku hiyo hiyo, kwa sababu ĩĩ ndio "ndiyo" yetu na mũũgĩ nayo iko na ũ mbili.

Kitu kingine, ukiandika sheria zako hakikisha unatoa ĩ iliyo herufi moja, U+0129, si i ya kawaida iliyobandikwa wimbi baadaye. Kwa macho zinafanana. Kuna mteja alileta faili zimechanganyika hivyo, natafuta jina nibadilishe, kompyuta inasema halipo na mimi naliona hapo kwa skrini.

Ya kulalamikia ni kwamba Developer inatisha siku ya kwanza, madirisha mengi sana kwa mtu anataka mistari minne. Kuhamishia mashine ya pili ilikuwa rahisi, inatoa faili moja la kmp unalibeba kwa flashi. Nampa nne kwa tano.

Hiyo moja iliyobaki ni ya kijana wangu wa kazi. Nimeweka shotikati ya kubadilisha leyauti, nimebandika stika juu ya Q na X, na bado wiki jana ametuma tangazo la saiba kwa grupu ya soko, herufi kubwa kabisa: TUNAJAZA RITANI ZA TAŨ.