Vigae vya mbao kwa paa la daraja la modeli: ununue nini?

Kabla hujatoa hela, piga hesabu. Daraja la modeli la 1:24, yaani dogo mara 24 kuliko la kweli, lenye paa la urefu wa sentimita 60, kila upande ukishuka sentimita 12, linameza vigae zaidi ya 4,000. Kigae halisi cha sentimita 45 kinakuwa cha milimita 19 hivi, na sehemu inayoonekana ni milimita 5 tu, iliyobaki imefunikwa na safu za juu. Kwa hiyo vigae hupandana tabaka tatu mpaka nne. Hapo ndipo unene unapoamua mambo: kigae kikizidi unene kidogo tu, paa linavimba kama godoro.

Namba moja kwangu ni utepe wa vinia, yaani mbao iliyochanwa nyembamba sana, ule ambao mafundi huubandika kwenye kingo za mbao. Una unene wa karibu nusu milimita, na nyuzi zake hufuata urefu wa utepe. Kata kipande cha milimita 19, kisimamishe, gusa na wembe: kinapasuka chenyewe kufuata nyuzi, upana huu milimita 4, ule 9, kama vigae vya kweli. Chukua usio na gundi. Mimi nilinunua wenye gundi ya pasi nikajiona mjanja. Nilipopiga pasi safu ya pili, ya kwanza ikaachia.

Pili, vigae vya mwerezi vilivyokatwa tayari. Vingi vimetengenezwa kwa nyumba za wanasesere za 1:12, hivyo kwa 1:24 vinaonekana kama milango. Daraja lako likiwa 1:12, basi vipandishe nafasi ya kwanza. Chungulia chini ya mfuko: ukiona vumbi na vipande vilivyovunjika, acha.

Vijiti vya kukorogea kahawa ni vya tatu. Rahisi, ndiyo, lakini vingi vinazidi milimita moja. Kwa 1:24 hiyo ni sawa na kigae chenye unene wa sentimita mbili na nusu. Kwa 1:12 vinafaa.

Karatasi nene zilizokatwa kwa leza huokoa muda mwingi, ila kwenye modeli kubwa meno yake yaliyolingana yanajianika. Balsa, ile mbao nyepesi na laini ya modeli, usinunue kwa kazi hii. Inabonyea kwa kucha na ncha zake hutoa manyoya.

Tenga pesa ya gundi pia. Gundi nyeupe ya mbao ina maji na vinia nyembamba hujikunja, kwa hiyo paka kidogo sana. Rangi tangulia nayo, maana gundi ikimwagikia mbao haitanyonya tena: loweka stili wuli (nyuzi za chuma za kusugulia sufuria) kwenye siki usiku kucha, chovya vigae kwenye siki hiyo, na mbao yenye tanini, kemikali ya asili ya baadhi ya miti, hugeuka kijivu cha paa lililonyeshewa miaka. Na ukihesabu, kumbuka safu ya chini kabisa hubandikwa mara mbili.