Mazoezi ya misuli kwa umeme kwa wagonjwa wa Parkinson mjini Moshi

Kituo cha fiziotherapia ninachompeleka baba mdogo hapa Moshi hubandika vibandiko vya umeme mapajani, na mkondo mdogo huifanya misuli ijikaze huku mgonjwa akiinuka kitini na kuketi tena. Kilichonivutia zaidi ni uangalifu wa mtaalamu: kabla ya kuwasha mashine aliuliza iwapo mgonjwa amewekewa kifaa chochote moyoni au kwenye ubongo, kwa kuwa umeme unaweza kukivuruga, kisha akapanga mazoezi yafanyike saa ambayo levodopa, dawa yake ya Parkinson, imeshaanza kufanya kazi. Alieleza wazi kwamba umeme hauponyi ugonjwa huu, unaotokana na kufa kwa seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili. Unaweza kusaidia kuimarisha misuli tu, na dawa haziachwi. Uaminifu huo ninauthamini sana. Baba mdogo sasa huinuka kwa wepesi zaidi, ingawa mikono bado inatetemeka. Ninawapendekezea wengine huduma hii, baada ya kushauriana na daktari wao, lakini ngazi za kuingilia hazina pa kushika, jambo la hatari kwa watu ambao miguu yao huganda ghafla, na uongozi unapaswa kulirekebisha haraka.