Vipindi 12 vya tiba ya hofu ya kutapika: maoni yangu kama mwanafunzi wa uuguzi

Nilimaliza vipindi vyote wiki tatu zilizopita. Sikutaka kuandika mapema, nilitaka kwanza nirudi wodini nione kama nilichofundishwa kitasimama kazi ikipamba moto. Kimesimama. Yapo mapungufu na nitayataja, lakini kwa yeyote anayesomea uuguzi, utabibu au udaktari huku akiogopa matapishi kiasi cha kufikiria kuacha masomo, hii ndiyo huduma ya kwanza niliyoiona ikishika tatizo lenyewe.

Watu wengi huchanganya hofu hii na kinyaa. Kinyaa kila mtu anacho, na wodini unakizoea. Mimi mgonjwa akisema tu "nasikia kichefuchefu", moyo ulinienda mbio, viganja vikalowa jasho, na miguu ikawa imeshanifikisha mlangoni kabla sijaamua kuondoka. Nikimhudumia mtu anayetapika na kuharisha nilianza kuhesabu saa. Virusi vya noro huchukua kama saa 12 hadi 48 kuonyesha dalili, kwa hiyo kwa saa 48 nilikuwa nadonoa chakula, nalala nusu usingizi, na kila tumbo likinguruma naketi kitandani kusikiliza. Masomo ya darasani, badala ya kunituliza, yalikuwa yamenipa tarakimu za kuogopea.

Kilichonifanya nitafute msaada ni siku niliyomwacha mgonjwa. Alikuwa ametoka chumba cha upasuaji, bado ana usingizi wa dawa, akaanza kujikunja. Nilikuwa nimeshika kibeseni chake. Nikasema naenda kumwita sista. Sista alikuwa hatua nne tu kutoka pale. Nilijifungia chooni dakika 20, na niliporudi mwenzangu alikuwa ameshamlaza kwa ubavu, amemsafisha kinywa na amebadilisha shuka. Mtu aliyelewa usingizi wa dawa akitapika amelala chali, matapishi yanaweza kuingia kwenye mapafu. Hilo nililijua vizuri na bado nilikimbia. Sijawahi kujisikia vibaya namna ile.

Huduma inatolewa kwa video, saa moja kila wiki na mtaalamu wa saikolojia, pamoja na mazoezi ya kufanya mwenyewe kila siku. Kipindi cha kwanza unajaza dodoso la SPOVI, linalopima ukali wa hofu ya kutapika, lenye maswali 14, kila moja linapewa alama 0 hadi 4, kwa hiyo kilele ni 56. Nilipata 41. Nililia, na haikuwa kwa sababu ya ile 41. Nilikuwa nasoma maswali kuhusu kuchunguza nyuso za watu kuona nani anaumwa, kuhusu kukimbia mahali, kuhusu kupunguza chakula, mambo niliyodhani ni ya kwangu peke yangu, na kumbe kuna mtu ameyaandika kama dalili za ugonjwa unaojulikana na unaotibika.

Kisha mnatengeneza ngazi. Kila hatua inapewa alama za hofu kutoka 0 hadi 100, kipimo kilichoanzishwa na Joseph Wolpe, daktari wa akili mzaliwa wa Afrika Kusini. Kuandika neno "tapika" ukurasa mzima kwangu kulikuwa 15. Sauti bila picha, 55. Kujizungusha kwenye kiti mpaka kichefuchefu kije, halafu nikae nacho bila kufanya lolote, 75. Kushika kibeseni mgonjwa akitapika, 95.

Zoezi lililonibadilisha lilikuwa katikati ya ngazi: matapishi bandia. Unachanganya uji wa shayiri, makombo ya biskuti na siki, unaweka mdomoni, unainama chooni na kuyaachia. Kabla ya kuanza unaandika unachotabiri. Niliandika: "Nitatapika kweli, na sitaweza kukaa hata dakika mbili." Siki ilinipanda puani. Sauti ya ule uji ukidondoka majini ilikuwa ndiyo yenyewe, ile ninayozibia masikio. Magoti yalitetemeka. Nilikaa dakika 11, sikutapika. Nilipomsimulia mtaalamu nilianza na jinsi hofu ilivyoshuka kutoka 80 hadi 45, lakini yeye alirudi kwenye karatasi: "Ulitabiri nini? Kikatokea nini?" Ilinichukua wiki mbili kuelewa kwa nini anauliza hivyo kila mara. Hofu inaweza kukataa kushuka siku hiyo na bado ukawa umejifunza kwamba unaweza kubaki.

Na hapa ndipo ninapoisifu huduma hii kuliko ushauri wote niliowahi kupewa. Wengine walinifundisha kupumua na kuwaza mambo mazuri. Huyu alinitaka nimwage mifuko ya sare yangu mbele ya kamera. Peremende ya mnanaa. Vipande viwili vya pamba yenye spiriti, vya kunusa. Kidonge cha ondansetroni, dawa ya kuzuia kutapika, ambacho nilikuwa nameza kabla ya zamu bila kuandikiwa na mtu. Spiriti ile kweli humpunguzia mgonjwa kichefuchefu, imeshajaribiwa kwa wagonjwa wa dharura, na sina shida mgonjwa akipewa. Lakini mimi sikuwa mgonjwa wa kichefuchefu. Kila nilipotoka zamu salama, sifa ilikwenda kwa kile kidonge, na hofu ikabaki palepale. Tuliondoa kimoja kimoja kwa wiki nne. Cha mwisho kilikuwa kusimama upande wa mlangoni.

Sasa upungufu mkubwa. Mtaalamu huyu hakuijua wodi. Kipindi cha sita aliniambia ninawe mikono mara moja tu, mwisho wa zamu. Nilikataa, na namshukuru Mungu nilikataa. Kipindi kilichofuata nilimwonyesha zile nyakati 5 za Shirika la Afya Duniani: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu, baada ya kukutana na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Nikamwambia pia kwamba kwa virusi vya noro jeli ya spiriti haitoshi, lazima sabuni na maji. Alisikiliza, akakiri kosa, tukaandika kanuni pamoja: nanawa kwa nyakati zile 5, sekunde 40 hadi 60, basi. Kunawa huko ni kwa ajili ya mgonjwa. Nikirudi kwenye sinki mara ya pili wakati sijagusa kitu, hiyo ni hofu inanawa. Kanuni hiyo naitumia kila siku, ila mwanafunzi mwoga zaidi yangu angetii ushauri wa kwanza, na watu wangeumia. Kama wanahudumia wanafunzi wa afya, wataalamu wao wafundishwe kwanza kanuni za kuzuia maambukizi.

Video zao za mazoezi nazo zinatosha kwa mtu wa kawaida tu. Zote ni watu wazima wameinamia sinki. Hakuna mtoto mchanga anayetapika kwa nguvu, hakuna matapishi yanayofanana na unga wa kahawa, ambayo ni damu iliyokaa tumboni. Kubadilisha saa ya kipindi nikipangiwa zamu ya usiku ilikuwa kazi ngumu, na mara moja nilipoteza kipindi kizima.

Wiki ya pili baada ya kurudi, mzee mmoja aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo alinishika mkono. Hakusema kitu, alinitazama tu, na nikajua. Nilimgeuza ubavu, nikaweka kibeseni shavuni. Alitapika mara tatu. Mkono wake ulikuwa umekaza kwenye kifundo changu na nikahisi kila msukumo ukipita mwilini mwake kabla haujafika mdomoni. Hofu ilikuwa 70, sitadanganya. Nilibaki. "Pole baba, niko hapa." Alipotulia akasema, "Samahani mwanangu, nimekuchafua." Nikamwambia hakuna cha kuniomba radhi. Halafu, kwa mara ya kwanza katika mafunzo yangu, nikaangalia ndani ya kibeseni: kijani, mililita 250. Nikaandika kwenye chati pamoja na saa, nikampelekea sista, naye akampigia daktari simu palepale. Rangi ile ilikuwa habari ya mgonjwa, na mimi kwa miaka miwili nilikuwa nageuza uso.

Dodoso la mwisho nilipata 14. Nawapa nyota 4 kati ya 5. Kama umepungua uzito sana kwa kuogopa kula, mwone daktari kwanza kabla ya kuanza mazoezi haya. Na usichukue huduma hii karibu na mitihani, wiki ya tano hadi ya nane inachosha mwili na akili.

Kipindi cha ufuatiliaji ni mwezi ujao. Kazi niliyopewa kabla yake ni kuomba mwenyewe nipangiwe wodi ya watoto. Barua nimeikabidhi jana.