Nililipa 1,500 kusikia "futa yote" ikitupwa kama mate

Nyota tatu, nilijiambia nikiwa bado kwenye foleni, maana skrini zao ni safi na rangi hazidanganyi. Hii ni huduma ya kutathmini picha za kompyuta, katikati ya jiji hapa Nairobi, shilingi 1,500 kwa picha. Kisha ikafika zamu ya dada aliyekuwa mbele yangu.

Alileta picha ya reli ikifika Nairobi mwishoni mwa Mei 1899: injini ya moshi, mahema, vibarua kutoka India na nyundo zao. Picha yake ya tatu tu tangu aanze kutumia Blender, programu ya kutengeneza picha za 3D. Mkosoaji akaitupia jicho, akasema, "Haina uhai. Futa yote." Akaita mwingine. Maneno manne! Dada wa watu akafunga kompyuta yake bila kuuliza kitu.

"Haina uhai" si tathmini. Mtu anayeanza ataishika wapi? Kilichoiua picha ile kinapimika kwa rula ya programu yenyewe. Tulipoifungua tena pale ngazini, reli zake zilikuwa na upana wa milimita 1,435. Huo ni upana wa SGR, reli ya kisasa. Reli ya 1899 ni mita moja kamili. Basi injini nayo aliikuza mara 1.435 ili magurudumu yakae juu ya reli, na kibarua wa mita 1.7 aliyesimama kando yake akaonekana kama ana sentimita 118, yaani mtoto wa darasa la kwanza ameshika nyundo. Jicho linakataa, hata mtazamaji asipojua kwa nini.

Na hakuna cha kufuta. Sogeza reli mpaka ziachane mita moja. Chagua injini na mabehewa pamoja, weka kitovu (nukta ambayo vitu hupungua kuielekea) katikati ya njia, usawa wa juu wa reli, bonyeza S, andika 0.697, Enter. Kitovu kikibaki katikati ya injini, itapungua kuelekea tumboni na magurudumu yataning'inia hewani. Mataruma, vile vipande vinavyolazwa chini ya reli, usiyapunguze pamoja nayo, yatabanana. Fupisha urefu wake tu. Dakika kumi, kazi imeokoka.

Kosa la pili ni jua. Alikusudia saa sita mchana, lakini vivuli vilikuwa virefu na vilielekea kaskazini, kama mchana wa Ulaya. Mwishoni mwa Mei jua la adhuhuri hapa kwetu liko upande wa kaskazini, nyuzi kama 67 juu ya upeo wa macho. Kivuli cha kibarua yule kingekuwa sentimita 70 hivi, kikielekea kusini. Mijakaranda ya zambarau nyuma ya mahema nayo iondoke: ni miti ya Amerika Kusini, huchanua kuelekea Oktoba, na pale palikuwa uwanda wa nyasi na kinamasi.

Lakini moshi wake! Moshi ulilala upande uleule ambao turubai za mahema zilivutwa na upepo. Wanaoanza wengi hawalikumbuki hilo, na asipoambiwa kwamba amepatia, atalivuruga akirekebisha mengine. Mkosoaji hakuliona. Au aliliona akanyamaza, na hapo ndipo hasira inanipanda tena. Nyota tatu nimezifuta. Moja, na hiyo ni ya skrini.

Ila nisiwe dhalimu. Kosa la jua sikuligundua mimi. Aliligundua msaidizi wao, kijana anayewasha mashine, aliyetufuata ngazini, akachuchumaa, akamwambia yule dada, "Dada, tuzungushe jua kwanza, halafu tuone." Akalizungusha, picha ikafunguka palepale. Kwa ajili yake narudisha nyota moja, ziwe mbili. Mkienda, muulizieni yeye. Mkimkuta yule mwingine ndiye yuko kitini, shikeni pesa zenu.