Dagaa wa Kigoma Ngamiani, hawana mchanga kabisa

Wana Tanga, kama mmechoka kutafuna mchanga kwenye dagaa, kuna duka dogo la mama mmoja wa Kigoma hapa Ngamiani, upande wa kuendea soko la Mgandini. Nampa nyota nne na nne zote kazistahili.

Dagaa wake wakavu kweli, ukimkunja anavunjika, rangi ya fedha bado ipo. Nyumbani niliwaloweka kwenye bakuli jeupe, nilipowatoa chini hamna hata punje, wakati wale niliozoea kununua kwingine huwa wanaacha tope la kuonekana. Nikarudi kumuuliza, shikamoo mama, hawa wako mbona wasafi hivi? Akasema marahaba mwanangu, hawa wameanikwa kwenye chanja, chini hawakugusa, na siku hizi hata huo ufukwe wa kuanikia umepungua, maji yamepanda.

Na kweli yamepanda. Ziwa Tanganyika limekaa ndani ya bonde la ufa, milima huku na huku, kina kinafika mita 1,470, halafu mto wa kutolea maji ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Maji mengi yanaondoka kwa kukauka na jua, sasa mvua zikizidi miaka ikifuatana ziwa linajaa tu, 2024 mpaka bandari ya Bujumbura iliingia maji. Karne ya 19 mdomo wa Lukuga uliziba kwa mchanga na majani, ziwa likapanda mpaka likafumua kizuizi mwishoni mwa miaka ya 1870, likashuka kama mita 10. Fikiria mvuvi ambaye ufukwe wake unahama hivyo.

Ila mimi kinachonigusa zaidi ni tope la kule chini. Kiangazi upepo wa kusi unakoroga ziwa, rutuba inapanda juu, vijimea vidogo vinazaliana, vijidudu vinakula vijimea na dagaa wanakula vijidudu. Vile vijimea vikifa vinazama vinaacha utando mweupe, masika yakija mito inamwaga udongo mweusi juu yake, na kwa vile kule chini hakuna oksijeni hakuna mdudu wa kufukua, basi tabaka zinabaki zimepangana mwaka kwa mwaka kama kurasa. Watafiti walichimbua hizo tabaka wakazisoma, na utafiti uliotoka 2003 ulionyesha maji ya juu yakizidi joto mkorogo unapungua na chakula cha samaki kinapungua. Kwahiyo bei ikipanda huku Tanga tusimlaumu muuzaji peke yake. Hata serikali 2024 ilisimamisha uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane, na mimi naunga mkono.

Kingine nilichompendea, magunia kayatenga, wa zamani huku wapya huku, na anakwambia mwenyewe kabla hujauliza, wa zamani anawauza kwa bei ya chini.

Nyota moja nimeipunguza kwenye vifungashio, anatumia mifuko laini inachanika njiani, nendeni na kopo lenu lenye mfuniko. Na ukiwapika usiwaloweke muda mrefu, maji ya vuguvugu kidogo tu, wakaange wakauke ndo umimine tui zito la nazi mwisho na ndimu.